Nani Agawaye Laini? Historia ya Migongano ya Kadi za Mtandao katika Kompyuta Binafsi za Zamani na Mafunzo Yake kwa Sera za Vifaa Vilivyotumika

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya migongano baina ya kadi za mtandao na vifaa vingine katika kompyuta binafsi zilizofuata muundo wa IBM wa mwaka 1981. Hoja yake kuu ni kwamba migongano hiyo ilitokana na kukosekana kwa mamlaka ya kugawa rasilimali chache zilizotumiwa kwa pamoja ndani ya kompyuta, na kwamba kila hatua ya utatuzi ilikuwa uamuzi kuhusu nani abebe kazi ya ugawaji: mtumiaji wa mwisho, mtengenezaji wa kadi, au taasisi ya viwango. Makala inafuatilia hatua hizo kuanzia jampa za miaka ya 1980 hadi kadi za PCI, kisha inahusisha historia hiyo na sera za kompyuta zilizotumika katika Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta huandikwa mara nyingi kama historia ya kasi: kichakataji kipya kimeshinda cha zamani, diski kubwa imeshinda ndogo. Uandishi wa namna hiyo huacha nje kazi kubwa iliyofanywa na mafundi ili vifaa vilivyotengenezwa na kampuni mbalimbali viweze kuishi ndani ya sanduku moja. Kati ya kazi hizo, iliyokuwa na sifa mbaya zaidi ni ya kuifanya kadi ya mtandao ikubaliane na vifaa vilivyoitangulia. Kadi nzima isiyo na kasoro, kiendeshi sahihi na waya usiokatika viliweza kuwekwa pamoja, na bado kompyuta ikagoma kuwasiliana.

Kwa mtafiti wa sera, tatizo hili lina umuhimu unaozidi ufundi wake. Linaonesha kwa udogo kile kinachotokea pale ambapo rasilimali ya pamoja inatumiwa na wengi bila chombo cha kuigawa. Linaonesha pia kwamba gharama ya kukosa viwango haipotei; hushuka ngazi kwa ngazi hadi imfikie mtu wa mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuibeba.

2.0 Chimbuko la Uhaba: Laini Nane za Katizo

Kompyuta binafsi ya IBM ilitangazwa Agosti 1981. Ndani yake, kifaa kilichohitaji kusikilizwa na kichakataji kilituma ishara kupitia laini maalumu, ambayo katika makala hii inaitwa laini ya katizo, kwa kuwa huikatiza kazi inayoendelea. Kidhibiti kimoja cha Intel, namba 8259A, kilisimamia laini nane, zilizohesabiwa kuanzia 0 hadi 7. Saa ya mfumo ilichukua laini 0, kibodi laini 1, milango miwili ya mawasiliano ya mfuatano laini 3 na 4, diski laini 6, na printa laini 7. Kompyuta ya XT ya mwaka 1983 ilipokuja na diski kuu, laini 5 nayo ikapata mwenyewe.

IBM iliongeza kidhibiti cha pili katika kompyuta ya AT ya mwaka 1984. Hesabu ilifika laini 16, lakini laini 2 ilitumika kuunganisha vidhibiti hivyo viwili, zikabaki 15. Kati ya hizo, baadhi zilikwisha kutengwa tayari, kwa mfano laini 8 ya saa ya kudumu, 13 ya kichakataji cha hesabu na 14 ya diski kuu. Vifaa vya nyongeza viliachiwa chache, hasa 5, 9, 10, 11, 12 na 15. Aidha, kadi za biti 8 hazikuweza kuzifikia laini za juu, kwa kuwa sehemu ya nyongeza ya tundu la AT ndiyo iliyozibeba.

Uhaba huo usingekuwa na madhara makubwa kama laini moja ingeweza kutumiwa na vifaa viwili. Katika muundo huu, ambao baadaye uliitwa ISA, kidhibiti kiliitikia badiliko la umeme kwenye laini, wala hakikuangalia hali yake ya kudumu. Ombi la kifaa cha pili lililofika wakati la kwanza halijamalizika liliweza kupotea bila kuacha alama. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika ISA, vifaa viwili vilivyofanya kazi kwa wakati mmoja havikukaa laini moja.

Jambo la pili lilikuwa la kiuchumi. IBM ilichapisha michoro ya mitambo yake katika mwongozo wa kiufundi uliouzwa kwa yeyote. Uwazi huo uliziwezesha kampuni nyingine kutengeneza kadi, na baadaye kompyuta nzima, zilizolingana na zake. Soko lilipanuka na bei zikashuka. Hata hivyo, uwazi wa michoro haukuambatana na daftari la kuandikisha matumizi ya laini. Kila mtengenezaji alijichagulia namba aliyoiona inafaa, naye hakuwa na njia ya kujua jirani yake amechagua ipi.

3.0 Kadi ya Mtandao: Mgeni Aliyechelewa

Ethernet ilibuniwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, mwaka 1973, na Robert Metcalfe pamoja na wenzake. Metcalfe alishiriki kuanzisha kampuni ya 3Com mwaka 1979, nayo ikatoa kadi ya Ethernet kwa ajili ya kompyuta ya IBM mwaka 1982. Kadi ya mtandao iliikuta kompyuta ambayo viti vyake vingi vimekwisha kukaliwa. Ilihitaji laini ya katizo, ilihitaji kundi la anwani za kupitishia data, na baadhi ya kadi zilihitaji pia eneo la kumbukumbu lililo kati ya KB 640 na MB 1.

Kadi iliyoenea zaidi mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 ilikuwa NE2000 ya Novell, pamoja na nakala zake nyingi zilizotengenezwa kwa bei nafuu. Mpangilio wake wa kawaida ulikuwa laini 3 na anwani 300h, yaani 300 katika hesabu ya msingi wa 16. Laini 3 ilikuwa ya mlango wa pili wa mfuatano. Ofisi iliyokuwa na modemu au kipanya kwenye mlango huo iliona mtandao ukifanya kazi hadi modemu ilipopiga simu, au kipanya kikiganda kila faili ilipopita. Fundi aliyehamia laini 5 aliweza kukutana na mlango wa pili wa printa au, katika miaka ya 1990, na kadi ya sauti aina ya Sound Blaster.

Anwani nazo zilikuwa na mitego yake. Kadi ya NE2000 ilichukua anwani 32 mfululizo. Ilipowekwa kwenye 360h, eneo lake lilifika 37Fh na hivyo kuufunika mlango wa printa ulioanzia 378h. Namba hizo mbili zilionekana kuwa mbalimbali kwenye karatasi; mgongano ulijificha katika urefu wa eneo.

Hapa kuna tofauti inayostahili kuzingatiwa. Kila kadi ya Ethernet ina anwani yake ya biti 48 inayoitambulisha kwenye waya. Ugawaji wa anwani hizo ulisimamiwa kwanza na Xerox, kisha na taasisi ya wahandisi ya IEEE: mtengenezaji hupewa biti 24 za mwanzo, naye hujaza 24 zilizobaki kwa kadi zake. Kwa utaratibu huo, kadi mbili zilizotengenezwa mabara mawili tofauti ziliweza kukutana kwenye waya mmoja bila kugombania jina. Kadi hizohizo, zikishaingizwa ndani ya sanduku, ziligombania laini ya katizo. Teknolojia ilikuwa ya kizazi kimoja na mara nyingi mtengenezaji alikuwa yuleyule. Kilichotofautisha nje na ndani ni kuwepo kwa mgawaji.

4.0 Utatuzi kwa Mkono wa Fundi

Katika hatua ya kwanza, kazi ya ugawaji iliachwa mikononi mwa fundi. Kadi za mwanzo zilipangwa kwa jampa, yaani vipande vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani vilivyounganisha pini mbili. Kuhamisha jampa moja kulibadilisha laini au anwani. Aliyepoteza karatasi ya maelezo alibaki na safu ya pini zisizosema kitu.

Mafundi walijenga mbinu iliyofuata mantiki ya uchunguzi. Kwanza, waliondoa kadi zote isipokuwa ya skrini na ya mtandao, kisha wakazirudisha moja baada ya nyingine hadi kosa lilipojirudia. Pili, walitenganisha aina mbili za mgongano kwa kuangalia dalili. Kiendeshi kilichoshindwa kabisa kuiona kadi, au kompyuta iliyoganda wakati wa kuwaka, vilielekeza kwenye mgongano wa anwani. Kiendeshi kilichosoma anwani ya Ethernet ya kadi kwa usahihi lakini kisipate jibu lolote kutoka kwenye mtandao kilielekeza kwenye laini ya katizo: njia ya kusomea ilikuwa wazi, bali kengele haikusikika. Tatu, walifungua nafasi kwa kuzima kile kisichotumika. Kuuzima mlango wa pili wa mfuatano katika mipangilio ya awali ya kompyuta kuliiachia kadi laini 3. Katika kompyuta za AT, kuihamishia kadi ya biti 16 laini 10 au 11 mara nyingi kulimaliza shauri.

Zana za programu zilisaidia kwa kiasi. Programu ya MSD ya Microsoft iliorodhesha laini na watumiaji wake, lakini iliweza kuonesha tu kile ilichokitambua. Mgongano mwingine ulitokana na EMM386, msimamizi wa kumbukumbu aliyekuja na MS-DOS 5 mwaka 1991. Programu hiyo ilitafuta maeneo matupu ya kumbukumbu ya juu na kuyatumia. Eneo la kadi ya mtandao, likiwa bado halijaamshwa na kiendeshi chake, lilionekana tupu. Dawa yake ilikuwa kuandika katika faili ya mipangilio kwamba eneo hilo lisiguswe.

Maarifa haya yalikuwa ya thamani, lakini yalikaa kichwani mwa mtu na katika daftari lake. Fundi alipoondoka, ofisi ilibaki na kompyuta zinazofanya kazi na bila mtu anayejua kwa nini zinafanya kazi.

5.0 Mgongano wa Viendeshi Vyenyewe

Kulikuwa na ngazi ya pili ya mgongano, iliyohusu programu. Katika DOS, programu ya mtandao iliandikwa ikiwa imeikamata kadi moja kwa moja. Mtu aliyetaka kufikia seva ya Novell na kompyuta za itifaki ya TCP/IP kwa kadi moja alikuta programu mbili zinaidai kadi ileile.

Suluhisho lilikuwa kuweka mpatanishi kati ya kadi na itifaki. Kampuni ya FTP Software ilitoa maelezo ya kiendeshi cha pakiti, na mkusanyiko wa viendeshi hivyo, pamoja na msimbo wake, ukasambazwa kutoka Chuo Kikuu cha Clarkson, Marekani, chini ya usimamizi wa Russell Nelson. Microsoft na 3Com zilikuja na NDIS. Novell na Apple zikaja na ODI. Kila mmoja wa wapatanishi hao aliruhusu itifaki kadhaa kutumia kadi moja. Lakini wapatanishi watatu bila msuluhishi ni ugomvi mpya: NDIS na ODI hazikuweza kuishika kadi moja kwa pamoja. Novell ililazimika kutoa programu iitwayo ODINSUP ili itifaki zilizoandikwa kwa NDIS zipite juu ya kiendeshi cha ODI.

Funzo la hatua hii ni kwamba kiwango kinachomilikiwa na upande mmoja wa soko hupunguza migongano ndani ya upande huo na kuihamishia mpakani. Mtumiaji aliyeishi mpakani, akiwa na seva ya kampuni moja na mfumo endeshi wa nyingine, ndiye aliyelipa.

6.0 Ugawaji Waingia Ndani ya Mashine

IBM yenyewe ilikuwa ya kwanza kujaribu tiba ya kina. Kompyuta zake za PS/2 za mwaka 1987 zilikuwa na muundo wa Micro Channel, ambamo kila kadi ilijitambulisha kwa namba yake, mipangilio ilifanywa kwa programu badala ya jampa, na laini ya katizo iliweza kutumiwa kwa pamoja. Kiufundi, sehemu kubwa ya tatizo ilitatuliwa. Lakini muundo huo haukupokea kadi za zamani, na IBM iliwadai watengenezaji malipo ya leseni. Washindani wake walijibu mwaka 1988 kwa muundo wa EISA uliozipokea kadi za zamani. Micro Channel haikuenea, na ISA ikaendelea kutawala kwa miaka mingi.

Mwaka 1993 Intel na Microsoft zilitoa maelezo ya kadi za ISA za kujipanga zenyewe, kwa mtindo wa chomeka-utumie. Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, ilileta mfumo huo kwa umma, pamoja na orodha ya vifaa ambamo alama ya mshangao ya njano ilionesha kifaa chenye matatizo. Ugumu ulikuwa kwamba kompyuta nyingi zilichanganya kadi mpya na za zamani. Kadi ya jampa haikuweza kusema imekaa wapi, hivyo mfumo uliweza kuigawia kadi mpya laini yenye mwenyewe. Mafundi walilazimika kuitengea kadi ya zamani laini yake katika mipangilio ya awali ya kompyuta, au kuizima hali ya kujipanga na kurudi kwenye namba za kudumu.

Utatuzi uliodumu ulikuja na muundo wa PCI, ulioanzishwa na Intel mwaka 1992. PCI iliruhusu vifaa kushirikiana laini moja ya katizo, mradi viendeshi vyake vimeandikwa kwa adabu ya kuuliza kama ombi ni lao. Muhimu zaidi, kila kadi ya PCI hubeba namba mbili zinazosomeka na programu: ya mtengenezaji, inayogawiwa na umoja unaosimamia kiwango hicho, na ya kifaa chenyewe. Kwa mfano, kadi nyingi za bei nafuu zilizouzwa kwa majina mbalimbali zilibeba namba 10EC na 8139, zinazomaanisha kipande kilekile cha kampuni ya Realtek. Jina la kwenye boksi halikuhitajika tena kujua kiendeshi kinachofaa. Ndani ya sanduku nako, hatimaye, kulikuwa na mgawaji.

7.0 Afrika Mashariki na Urithi wa Kompyuta Zilizotumika

Historia hii ilianza mbali na Afrika Mashariki, lakini sehemu ya gharama yake imelipwa hapa. Njia ya kompyuta kuingia katika eneo hili haikuwa moja. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na marufuku hayo yakalegezwa baadaye. Nchini Kenya, shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijikita katika kukarabati kompyuta zilizotumika kwa ajili ya shule. Uganda, kwa upande wake, ilitangaza mwaka 2009 marufuku ya kuingiza baadhi ya vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo. Wakati huohuo, kati ya 2009 na 2010, nyaya za baharini za SEACOM, TEAMS na EASSy zilianza kutoa huduma katika pwani, na thamani ya kompyuta isiyoweza kuunganishwa ikashuka zaidi.

Katika kompyuta za kizazi cha PCI, mgongano umebadilika sura. Ugomvi wa laini umepungua. Umebaki ugomvi kati ya kiendeshi na toleo la mfumo endeshi. Matoleo ya Windows ya biti 64 hayapokei viendeshi vya biti 32, na tangu Windows Vista yanadai kiendeshi kiwe na saini ya kidijiti. Kadi ambayo mtengenezaji wake amefunga shughuli, au ameamua kutoandika kiendeshi kipya, inageuka taka ikiwa nzima. Tena kuna mzunguko unaomkwaza fundi asiye na kompyuta ya pili: kiendeshi kinapatikana mtandaoni, na kadi ndiyo mlango wa mtandao.

Mfumo wa Linux umetoa njia nyingine. Viendeshi vyake vingi vya awali vya Ethernet viliandikwa na Donald Becker na kuwekwa ndani ya msimbo wa mfumo wenyewe, ulio wazi kwa wote. Kwa utaratibu huo, uhai wa kiendeshi hautegemei uhai wa kampuni iliyotengeneza kadi. Unategemea kuwepo kwa watu wanaoutunza msimbo. Watu hao nao huchoka, na hakuna kiendeshi kinachojitunza chenyewe.

Suala la lugha halijitengi na haya. Mradi wa ujanibishaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, hatua kubwa kwa Kiswahili katika programu za ofisini. Hata hivyo, ujumbe unaotolewa na kiini cha Linux kuhusu kadi, laini na anwani umebaki kwa Kiingereza. Tabaka ambalo mgongano hutokea ndilo tabaka ambalo Kiswahili bado hakijafika. Mwalimu wa shule anaweza kuandika barua kwa Kiswahili kwenye kompyuta ambayo, ikigoma kuunganishwa, humweleza sababu kwa lugha nyingine.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba mgongano wa kadi za mtandao ulikuwa, kwa asili yake, tatizo la ugawaji. Anwani za Ethernet hazikugombaniwa kwa sababu zilikuwa na mgawaji tangu mapema; laini za katizo ziligombaniwa kwa zaidi ya muongo kwa sababu hazikuwa naye. Jampa zilimpa fundi kazi ya mgawaji. NDIS na ODI ziliwapa kazi hiyo wakubwa wa soko, kila mmoja katika himaya yake. Micro Channel iliiweka ndani ya mashine kwa masharti ambayo soko halikuyakubali, na PCI ikaiweka humo kwa masharti yaliyokubalika.

Kutokana na historia hiyo, mambo matatu yanapendekezwa kwa washauri wa sera. Kwanza, masharti ya kupokea kompyuta zilizotumika yadai orodha ya namba za utambulisho wa kadi zake, hasa ya mtandao, badala ya jina la kampuni na mwaka pekee. Namba hizo husomwa kwa dakika chache kabla ya shehena kupakiwa, nazo huonesha mapema kama kiendeshi kipo kwa mfumo unaokusudiwa. Pili, kila shehena iambatane na viendeshi vyake kwenye diski, ili mpokeaji asihitaji mtandao kwa ajili ya kuupata mtandao. Tatu, taasisi za Kiswahili za eneo hili ziunde kwa pamoja istilahi na miongozo ya utatuzi wa matatizo ya vifaa, ili daftari la fundi mmoja liwe mali ya wote.

Marufuku ya jumla huzuia taka na pia huzuia mashine nzima. Upokeaji wa jumla huleta mashine nzima na taka pamoja. Kati ya hayo mawili kuna kazi ya kuandikisha na kugawa, ambayo watengenezaji wa mwaka 1981 waliiacha bila mwenyewe. Shule inayopokea kompyuta 20 leo bado inaibeba kazi hiyo, isipokuwa pale ambapo mtu mwingine, mapema zaidi katika mnyororo, amelazimishwa kuifanya.